Khalil bin Ahmad na Hesabu ya Mtoto Aliyetumwa Sokoni

Tumezoea kusoma maisha ya wafalme, mashujaa wa vita na viongozi wa nchi. Mwaka huu nimeona niwaletee maisha ya mtu ambaye hakuwa na jeshi wala kasri. Aliishi katika kibanda cha matete, akala mkate mkavu, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuhesabu. Jina lake ni Khalil bin Ahmad al-Farahidi. Kila mara unapotaja neno arudhi katika somo la ushairi, unataja kazi ya mtu huyu, hata kama hukujua.

Kabla sijafika kwake, naomba nianzie karibu na nyumbani, katika Soko la Kenyatta hapa Nairobi.

Anayelijua soko hilo hahitaji kuelezwa. Ukitokea upande wa Golf Course au Ngumo, moshi wa nyama choma ndio unaokupokea. Kuna bucha zenye majiko ya makaa, kuna mafundi wa cherehani, kuna wauza mboga, na kuna wasusi ambao ukipita tu wanakushika mkono na kukuita kastoma. Kichwa kimoja huweza kusukwa na wasusi watatu kwa pamoja, mwenye kichwa ametulia tuli kama mtungi.

Jumamosi moja, shule zikikaribia kufunguliwa, mama alinituma huko na shughuli tano: kuchukua sketi yangu ya sare kwa fundi, kusukwa mistari, kununua unga, kununua sukumawiki na nyanya, na kununua nyama kilo moja. Nikasimama langoni. Nianze wapi? Hebu tuhesabu pamoja. Mahali pa kwanza naweza kupachagua kwa njia 5. Nikishapachagua, pa pili panabaki njia 4, pa tatu njia 3, pa nne njia 2, na pa mwisho njia 1. Ukizidisha 5 × 4 × 3 × 2 × 1 unapata 120. Yaani safari 120 tofauti ndani ya soko moja!

Siku ile sikupiga hesabu yoyote. Nilianza na nyama kwa sababu harufu ya choma ilinivuta. Matokeo yake nilikaa kwa msusi saa tatu nzima na nyama mbichi kwenye mkoba, na nilipomfikia fundi alikuwa ameshafunga kibanda. Kibaya zaidi kilikuwa chenji. Nilirudishiwa shilingi 50, zote zikiwa sarafu. Mkono ulijaa, nikaona zimetimia, nikazitia mfukoni. Nyumbani mama akazihesabu akapata 40. Hadi leo sijui kama kumi ilidondoka njiani au haikuwepo tangu mwanzo. Kosa ni langu, maana sikuhesabu.

Utasema shilingi kumi si kitu. Lakini mama hakunigombeza. Alinyamaza. Jumamosi iliyofuata akamtuma mdogo wangu. Jamani, hapo ndipo nilipoumia.

Ni baada ya hayo ndipo mwalimu mlezi wa chama chetu, alipokuwa akitueleza asili ya neno arudhi, alipotusimulia habari za Khalil. Nilisikiliza kama kawaida. Alipofika mwisho wa kisa nikashtuka. Kumbe kilikuwa kinanihusu mimi.

Kutoka Omani hadi Basra

Khalil alizaliwa mnamo mwaka 718, sawa na mwaka 100 wa Hijria. Kwa mapokezi yaliyoenea, alizaliwa Omani, katika kabila la Azdi, ukoo wa Farahidi. Omani si ngeni kwetu. Majahazi yaliyosukumwa na pepo za kaskazi na kusi yameunganisha pwani yao na yetu kwa karne nyingi, na Waomani ndio waliowatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Khalil aliishi karibu miaka elfu moja kabla ya hayo.

Angali mdogo alihamia Basra, kusini mwa Iraki. Basra ilikuwa mji wa biashara na elimu, uliojaa watu wa lugha mbalimbali. Wengi hawakuzaliwa wakisema Kiarabu bali walijifunza ukubwani, kwa hivyo makosa ya lugha yalizagaa. Wasomi wa mji wakaona haja ya kuweka kanuni. Khalil alisoma kwa walimu wakubwa wa wakati huo, miongoni mwao Abu Amr bin al-Ala na Isa bin Umar, kisha yeye mwenyewe akawa mwalimu wa walimu. Mwanafunzi wake mashuhuri kuliko wote alikuwa Sibawayhi, kijana wa Kiajemi aliyeandika kitabu kikubwa cha sarufi ya Kiarabu. Ukikifungua kitabu hicho, jina la Khalil linarudi tena na tena.

Hata zile alama ndogo za irabu zinazoandikwa juu na chini ya herufi za Kiarabu, ambazo watoto wa madrasa hapa kwetu huzisoma kila siku, umbo lake la sasa linanasibishwa na Khalil. Kabla yake watu walitumia nukta za rangi, na msomaji alichanganyikiwa kwa urahisi.

Nyundo za wafua shaba

Inasimuliwa kwamba Khalil alipokwenda kuhiji Makka alimwomba Mungu amjalie elimu ambayo hakuna mtu aliyemtangulia kuijua. Aliporudi Basra, alikuwa akipita katika soko la wafua shaba. Akasikia nyundo zikigonga mabakuli: zito, jepesi, jepesi, zito. Wapita njia wengine walisikia kelele tu. Yeye alisikia mpangilio. Akawaza kwamba hata mashairi ambayo Waarabu walikuwa wakiyatunga kwa karne nyingi bila kitabu cha kanuni, ndani yake lazima mna mapigo ya namna hiyo yanayoweza kuhesabiwa.

Msomaji, ukipita Soko la Kenyatta wakati wa chakula cha mchana, tega sikio. Kisu cha mkata choma kinapogonga gogo, hakigongi ovyo. Kuna mapigo ya kukata mfupa na mapigo ya kukata mnofu. Khalil angesimama hapo.

Alijifungia nyumbani akawa anazipima beti kwa sauti, akirudiarudia mapigo yasiyo na maana yoyote. Mwanawe akaingia, akamkuta katika hali hiyo, akatoka mbio kuwaambia watu ati baba yake amerukwa na akili. Watu wakaja. Wakamkuta Khalil mzima kabisa, akiwa na elimu mpya mikononi.

Elimu hiyo ndiyo iliyoitwa arudhi. Sehemu fupi za mstari alizipa majina ya vifaa vya hema: kamba na kigingi. Maana Waarabu huuita mstari wa shairi kwa neno lile lile la nyumba au hema, bayt, na sisi Waswahili tumelipokea neno hilo tukapata ubeti. Aina za mapigo alizokuta zilifika 15, zikaitwa bahari, na mtaalamu aliyemfuata, al-Akhfash, anatajwa kuwa ndiye aliyeongeza ya 16. Leo mwanafunzi wa Kenya anapoulizwa katika mtihani aeleze arudhi za shairi, aonyeshe bahari yake na ahesabu mizani ya kila mshororo, maneno hayo yote yamesafiri kutoka kule. Kweli sisi tumeyabadilisha. Waarabu hupima mapigo mafupi na marefu, sisi twahesabu silabi. Lakini kuhesabu ni kule kule, na mizani ni neno lile lile analotumia muuza nyama.

Sasa tazama ujanja wake. Bahari zake alizipanga katika duara tano. Katika duara moja, mapigo yanafuatana kwa utaratibu uleule, lakini ukianza kusoma mahali pengine unapata bahari nyingine. Ni kama kuzunguka soko. Vibanda ni vile vile na vinafuatana vile vile, lakini aliyeingia kwa lango la nyama na aliyeingia kwa lango la wasusi hawajafanya safari moja. Baadhi ya mianzo hiyo ilitoa bahari ambazo washairi hawakuzitumia. Khalil hakuzificha. Alizionyesha kwamba zinawezekana, kisha akasema kwamba zimeachwa.

Maneno milioni kumi na mbili

Baada ya arudhi, Khalil alijipa kazi nzito zaidi. Alitaka kukusanya maneno yote ya Kiarabu katika kitabu kimoja. Wenzake walikuwa wakikusanya maneno ya ngamia peke yake, ya mitende peke yake, au ya farasi peke yake. Njia hiyo ina kasoro. Utajuaje kwamba hukusahau neno? Mtu anaweza kukusanya miaka hamsini na bado neno moja likabaki nje, kama mtoto aliyesahauliwa nyumbani siku ya harusi.

Khalil akaligeuza swali. Badala ya kuuliza watu wanasema maneno gani, aliuliza kwanza ni maneno mangapi yanayowezekana. Maneno ya Kiarabu hujengwa juu ya mizizi ya herufi mbili, tatu, nne au tano. Basi chukua herufi mbili tofauti: zinapangika kwa njia 2. Herufi tatu hupangika kwa njia 6. Herufi nne, njia 24. Herufi tano, njia 120, sawasawa na zile safari zangu za sokoni.

Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Ukichagua vitu vitatu kati ya vitano vya kutia katika kachumbari, haidhuru umeanza na nyanya au kitunguu. Kachumbari ni ile ile. Ukihesabu kwa kufuata zamu utapata 5 × 4 × 3, yaani 60, lakini kila kachumbari umeihesabu mara 6, kwa hivyo kachumbari za kweli ni 10. Hiyo ni kuchagua tu. Katika maneno lakini, zamu ina maana. Herufi za lima si neno lima mpaka zikae mahali pake.

Khalil aliyatumia yote mawili. Kila kundi la herufi alilipa sehemu yake kitabuni bila kujali zamu, kisha ndani ya sehemu hiyo akaligeuza kundi kwa kila mpangilio. Chukua herufi ayn, lamu na mimu. Kwa zamu hiyo zinatoa mzizi wa elimu. Zikipangwa ayn, mimu, lamu, zinatoa mzizi wa amali, yaani matendo. Zikipangwa lamu, mimu, ayn, zinatoa neno la kung'aa. Elimu, matendo na mng'aro, vyote katika kikapu kimoja cha herufi tatu! Mpangilio unaotumiwa na watu alieleza maana yake. Usiotumiwa uliitwa ulioachwa.

Waandishi waliokuja baadaye wamehifadhi hesabu inayonasibishwa naye. Kwa herufi 28, bila kurudia herufi katika neno, maneno yanayowezekana ya herufi mbili ni 756, ya tatu 19,656, ya nne 491,400, na ya tano 11,793,600. Jumla ni 12,305,412. Chukua kalamu uhakikishe: 28 × 27, kisha zidisha kwa 26, kisha kwa 25, kisha kwa 24. Vitabu vya hisabati hupenda kumtaja Blaise Pascal wa Ufaransa katika mambo haya, na alistahili. Lakini Pascal alizaliwa mwaka 1623, na Khalil alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka 800.

Sisi wanachama tulijaribu njia yake kwa Kiswahili. Tulichukua herufi l, i, m na a. Kuna mipangilio 24. Tulipata lima, mali, mila, lami na imla. Matano yanatumika, 19 tukayaona yameachwa. Lakini raha yake ni hii: tulipomaliza tulijua tumemaliza. Hakuna aliyebaki akikuna kichwa kwamba labda kuna jingine limejificha.

Kamusi hiyo iliitwa Kitabu cha Ayn, kwa sababu hakufuata mpangilio wa kawaida wa herufi. Alizipanga kwa mahali zinapotamkiwa, akianza na ayn inayotoka kooni na kuishia karibu na herufi za midomo. Ndiyo kamusi ya kwanza ya Kiarabu. Wataalamu wengi wanaona kwamba Khalil aliweka msingi na mpango, na mwanafunzi wake Layth bin al-Muzaffar wa Khurasani akaikamilisha.

Mkate mkavu

Mtu wa akili kama hiyo ungedhani alitajirika. La hasha. Wanafunzi wake walipata vyeo na mali kwa elimu waliyoichota kwake, naye alibaki katika kibanda chake cha matete pale Basra. Inasimuliwa kwamba gavana mmoja, Sulayman bin Habib wa ukoo wa Muhallab, alimtuma mjumbe amwite akafundishe watoto wake. Khalil akamtolea mjumbe mkate mkavu, akamkaribisha ale, maana hakuwa na kingine. Kisha akamweleza kwamba maadamu anapata mkate huo, hana haja na gavana. Gavana akakasirika, akamkatia posho aliyokuwa akimpa. Khalil hakutetereka. Baadaye gavana mwenyewe aliona haya, akairudisha posho na kuiongeza.

Mimi nilipoisikia habari hii nilidhani kwamba mtu wa namna hiyo hajali pesa, kwa hivyo hawezi kujali chenji ya mtu sokoni. Nilikosea.

Nguzo ya msikiti

Khalil alifariki Basra kati ya mwaka 786 na 791, umri ukiwa umepita miaka sitini. Kifo chake kinasimuliwa hivi. Katika siku zake za mwisho alikuwa akitafuta namna mpya ya hesabu, iliyo rahisi kabisa, ambayo hata kijakazi akitumwa kwa muuza duka asiweze kupunjwa. Zama hizo utumwa ulikuwepo Basra, na kijakazi alikuwa mtu wa chini kuliko wote waliokanyaga soko. Hakusoma, hakuwa na wa kumtetea, na akirudi na pesa pungufu ni yeye aliyeulizwa. Mwanachuoni aliyehesabu maneno milioni kumi na mbili aliamua kwamba kazi yake haijaisha mpaka imfikie msichana huyo.

Akaingia msikitini huku amezama katika fikra hiyo. Hakuiona nguzo iliyokuwa mbele yake. Akajigonga kwa nguvu, akaanguka, na pigo hilo likawa sababu ya kifo chake. Wengine husimulia kwamba wakati ule alikuwa akipima bahari ya shairi. Kwa vyovyote vile, alikuwa akihesabu. Ile hesabu ya kijakazi haikutufikia.

Waama, nimefikiria sana kisa hiki. Zamani nilidhani hesabu ya mipangilio ni ya kupita mtihani tu. Sasa naona ni ulinzi. Mtu anayejua yote yanayowezekana si rahisi kumdanganya, wala si rahisi kujidanganya mwenyewe. Shilingi 50 kwa sarafu za 20, 10 na 5 zinaweza kurudishwa kwa njia 12: sita bila ya ishirini, nne ukiwa na ishirini moja, mbili ukiwa na ishirini mbili. Mkono unaweza kujaa au kubaki karibu mtupu, na pesa ni zile zile. Uzito wa mfuko si hesabu.

Na safari zangu 120? Nimezipunguza kama Khalil alivyotenga maneno. Nyama lazima iwe ya mwisho isije ikaharibika, kwa hivyo zinabaki 24. Fundi lazima awe wa kwanza kabla hajafunga, kwa hivyo zinabaki 6. Nyingine 114 zinawezekana, ila zimeachwa.

Muhula uliopita mdogo wangu alipougua mafua, mama hakuwa na budi kunituma mimi. Nilianza kwa fundi nikaishia kwenye nyama. Kila chenji niliihesabu mbele ya muuzaji, taratibu, bila haya. Nyumbani nikaziweka sarafu mezani, za ishirini peke yake, za kumi peke yake, za tano peke yake. Mama akahesabu. Zilitimia. Akanyamaza tena kama siku ile.

Lakini Jumamosi iliyofuata, mdogo wangu akiwa mzima kabisa, alinituma mimi.

Chemshabongo kwa wasomaji: chukua herufi s, i, k na u. Zipange kwa njia zote 24, kisha utenge zinazotumika katika Kiswahili na zilizoachwa. Mimi nina matatu mkononi. Ukipata la nne, mletee mhariri. Kwaherini, na masomo mema.